Kumfikisha Baba Rangwi Akiwa Macho

Wenzangu wa jikoni, tangu shule ifunguliwe kila mmoja wenu amenivuta pembeni kwa wakati wake kuniuliza harusi ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande. Mmoja anajua habari za polisi, mwingine za maporomoko, na yupo anayeamini hadi leo kwamba baba yangu alilazwa Singida. Hakulazwa. Nimeamua kuandika yote mara moja, msome kwa zamu maharage yakiwa motoni.

Baba mnamfahamu kwa kumwona kibarazani kwangu na kofia yake ya sufu. Ni mwaka wa pili sasa yuko nami hapa Mwanza, tangu presha ya macho ilipomla jicho la kwanza, kisha la pili, na maumivu yakazidi hata madaktari wakayaondoa yote mawili. Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa Rangwi, kule juu Usambara, mtu aliyefika kwenye kabichi zake wakati majirani bado wanapapasa viatu gizani. Alipohamia kwangu usingizi wake ukaharibika. Wiki hizi analala usiku kama sisi, wiki zinazofuata analala alfajiri, baadaye analala mchana kutwa na usiku anazunguka sebuleni akigonga viti. Kisha taratibu anarudi sawa, tunamshukuru Mungu, na mambo yanaanza upya.

Nilidhani ni uzee. Jirani akasema ni mkono wa mtu. Mimi, kwa tabia yangu ya kuandika kila kitu, nikachukua daftari nikawa naandika saa anayolala na saa anayoamka. Nilipompeleka kliniki ya macho, daktari aliyekuwa zamu, binti mdogo tu, alilisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa huku anatabasamu, kama mtu aliyeletewa barua kutoka kwao.

Alinieleza kwamba ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna vijisehemu viwili vidogo kuliko punje ya ulezi, na humo ndimo inamokaa saa ya mwili. Kila mnyama anayenyonyesha anayo: mbuzi, popo, panya wa stoo, mimi na wewe. Ndiyo inayoamuru sasa joto la mwili lishuke, sasa njaa ije, sasa usingizi. Panya anaambiwa toka usiku, mbuzi anaambiwa toka mchana, lakini saa ni ile ile. Tatizo ni kwamba haiendi sawasawa na jua. Ya binadamu wengi huchelewa kidogo, na kila siku mwanga unaoingia machoni huirudisha mahali pake. Hata vipofu wengi hurudishwa hivyo hivyo, alisema, maana jicho lisiloona bado laweza kuonja mwanga. Baba hana jicho lenyewe. Saa yake inakwenda peke yake, ikichelewa karibu nusu saa kila siku, na baada ya mwezi na nusu hivi inakuwa imezunguka ikakutana na yetu tena. Vipo vidonge vinavyowasaidia wengine, akaviandika, lakini kila duka la dawa nililoingia niliambiwa nirudi mwezi ujao.

Kwa hiyo Baba hakuwa mvivu wala hakulogwa. Siku yake ni ndefu kuliko yetu, basi.

Bahati mbaya maelezo hayo tuliyapata tukiwa tumekwisha kuharibu. Mwaka juzi tulikwenda Rangwi kwa misa ya kumwombea Bibi, na siku tatu nzima Baba alilala mchana, hadi kwenye kikao cha ukoo. Mdogo wake wa pekee, Baba Mdogo Anselimu, alikasirika akasema mbele ya watu kwamba kaka yake hata kufumbua macho kwa ajili yao hawezi. Maneno hayo anaambiwa mtu asiye na macho. Baba alikuwa kwenye kochi, amelala, au ndivyo tulivyodhani. Tangu siku ile hawakupigiana simu.

Ndipo mwezi wa kumi na moja akanipigia Koleta, binti wa mwisho wa Baba Mdogo. Anaolewa Desemba, siku ya Jumamosi, na katika ukoo wetu anayembariki binti akitoka nyumbani ni ndugu mkubwa kuliko wote.

"Dada Vero, mlete Baba Mkubwa," alisema. "Ila mlete akiwa macho. Baba akimkuta amelala tena, mimi sijui."

Nikafungua daftari. Wiki ile ya harusi Baba angekuwa analala kuanzia saa nne asubuhi na kuamka saa kumi na moja jioni, akisogea nusu saa kila siku. Tukiondoka Jumatano na kufika Alhamisi jioni, mdogo wake angemkuta amechangamka kabisa. Jumamosi usingizi ungemjia saa tano na nusu, na misa ilikuwa saa nne. Ilitosha, mradi barabara isituangushe.

Mwanza hadi Arusha

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Baba alikuwa macho tangu jana yake, kanyolewa, kavaa koti lake la kijivu, na kufika Shinyanga alikuwa amekwisha kuwafahamu watu wa viti vinne. Kabla ya Nzega akainamisha kichwa. Nikatazama saa: saa nne na dakika kumi. Nikajisikia fahari kidogo, kama mpishi ambaye wali wake umeiva pale alipotaka.

Tulipoipita Singida mkanda wa injini ukakatika. Tulishuka wote kasoro Baba, tukakaa kwenye kivuli cha basi karibu na mawe yale makubwa ya Singida yaliyopangana kama mtu aliyapanga. Ilichukua saa mbili na nusu kupata mkanda mwingine. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Babati alinigawia kuku wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti, nami nikampa maandazi, tukawa ndugu. Lakini kila baada ya muda alikuwa anageuka kumtazama Baba dirishani. Mwishowe aliniuliza kwa upole yule mzee nimempa nini. Nikamwambia sijampa kitu, saa yake ya kichwani inasema ni usiku. Alinitazama, akalifunga lile gazeti la kuku.

Tulipoondoka akaenda kunong'ona na kondakta. Kwenye kizuizi kilichofuata askari alipanda moja kwa moja hadi kiti chetu, akauliza kama huyu ni baba yangu kweli na kwa nini haamki. Basi zima likageuka kututazama. Nikaanza kueleza habari za mishipa inayopishana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwizi wa wazee. Askari akamtikisa Baba bega. Baba akageuza shingo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usiku wa manane kwake:

"Mwanangu, punguza sauti. Watu wamelala."

Basi zima likacheka, askari naye akacheka, akashuka. Yule mama alirudi akafungua gazeti, na paja lililobaki akaniambia nimwekee mzee. Baba aliamka mwenyewe tukiikaribia Katesh, saa kumi na moja na robo, akaliomba lile paja kabla sijamwambia lipo. Alisikia harufu, alisema.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni Arusha, mimi nilianguka kitandani kama gunia. Asubuhi mlinzi wa pale alinisalimia kwa jina langu, akaniuliza hali ya mguu wa mume wangu. Yeye na Baba walikuwa wamekaa getini hadi kunakucha, wakinywa kahawa. Akaniambia kwamba miaka yote aliyolinda, Baba ndiye mgeni wa kwanza aliyemsindikiza zamu nzima.

Arusha hadi Mombo

Alhamisi nilikuwa na saa mbili za kuzungumza na Baba kabla hajalala, nikazitumia. Mlima wa Kilimanjaro ulikuwa wazi upande wa kushoto, nikamwelezea theluji ilivyopungua. Akanisikiliza, halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Siku ile ya kikao hakuwa amelala. Usingizi ulikuwa umemkaba, mdomo haufunguki, lakini masikio yalikuwa yanafanya kazi, na neno la Anselimu alilisikia lote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia ili iweje, tuwe wawili wenye kinyongo badala ya mmoja? Muda si mrefu baada ya Moshi akalala.

Nilibaki na neno hilo mapajani hadi Mombo, nikipita Same na Hedaru, mkonge na vumbi, na milima yetu imeanza kupanda upande wa kushoto, kijani na mawingu kichwani. Ilikuwa inanyesha huko juu. Saa tisa tuliposhuka Mombo, nikimshikilia Baba anayetembea nusu usingizini, wapakiaji wakatuambia tusijisumbue: udongo umeporomoka njiani kabla ya Soni, hakuna gari linalopanda hadi kesho.

Nilikaa juu ya begi nikahesabu upya. Ijumaa Baba angelala saa tano. Tukiondoka alfajiri tungefika Rangwi kama saa sita. Kwa maneno mengine, nilikuwa naenda kumkabidhi Baba Mdogo kitu kile kile alichokichukia mwaka juzi.

Mombo ni joto hata mvua ikinyesha. Mama ntilie wa stendi aliniruhusu nimlaze Baba kwenye mkeka nyuma ya banda lake, akamfunika uso na kitambaa kwa ajili ya nzi, asiulize swali hata moja. Saa kumi na moja na nusu Baba aliamka, akakaa. Watu wa milimani waliokwama kama sisi walikuwa wanazungumza Kishambaa kila upande. Akauliza kama tumeshapanda. Nikamwambia bado tuko chini, njia imefungwa. Akasema basi atawasikiliza hawa, si haba, akaagiza ugali na samaki, na kufikia saa mbili alikuwa amegundua kwamba mama ntilie ni mjukuu wa mtu aliyewahi kumuuzia jembe. Hatukuruhusiwa kulipia chai.

Mombo hadi Lushoto

Tulipanda saa moja asubuhi, nyuma ya katapila lililokuwa linasukuma udongo wa mwisho korongoni. Sijui niwaelezeje ile barabara. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine unatazama vilele vya miti. Baba alikaa mbele na dereva, na kila kona aliitaja kabla hatujaifika, kwa namna mwili ulivyolala. Dereva alimjaribu mara mbili tatu, akashindwa, akaanza kumwita fundi. Tulipofika Soni Baba alimwomba azime injini kidogo. Maporomoko ya maji yalikuwa yamejaa, yananguruma. Alitoa mkono nje ya dirisha, akauacha hapo ukilowa kwa manyunyu ya mvua.

Lushoto tulinunua plamsi na mapeasi, yamejaa mabeseni msimu huu, na Baba alikula hadi kidevu kikachuruzika. Ilikuwa saa tatu. Nilimwomba dereva wa gari la Rangwi aondoke mapema. Akasema ataondoka likijaa, na lilijaa saa nne kasorobo, kwa mabomba ya maji, godoro na kreti za soda za harusi yetu wenyewe.

Lushoto hadi Rangwi

Msitu wa Magamba ulitupokea kwa ukungu na baridi ile inayonuka majani. Baba alikuwa anazungumza, lakini sentensi zilikuwa zinafupika. Nilimpa kahawa. Nilimwimbisha nyimbo za kanisani, na abiria wakatupokea kwa sauti ya tatu na ya nne, gari zima likawa kwaya. Nilimfinya. Aliniambia, "Vero, unapigana na kitu kikubwa kuliko wewe," akanipigapiga mkono kunipoza. Tulipoingia Lukozi kwenye matenga ya viazi na kabichi, saa tano na dakika tano, alikuwa amekwenda.

Rangwi tulifika saa sita na nusu. Nyumba ya Baba Mdogo ilikuwa imejaa wanawake wanaomenya ndizi, na yeye mwenyewe alitoka mlangoni na suti aliyokuwa anaijaribu, bado ina pini. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akamtazama kaka yake akishushwa na vijana wawili, kichwa kimelala begani kwa mmoja wao. Alisema tu wamlaze chumba cha ndani, akageuka. Koleta aliyekuwa ndani ya mlango aliuma mdomo.

Kwa Baba Mdogo

Nilimfuata hadi uani. Sikuwa na maneno mazuri, nilikuwa na daftari. Nikamwonyesha: huyu hapa jana, huyu hapa juzi, huyu hapa mwezi uliopita, tazama anavyosogea. Alisoma bila miwani, akilisogeza mbali, akasema daftari hata yeye anaweza kuandika. Nikamuuliza kama anakumbuka alivyorudi kutoka Tanga, enzi alipokuwa anafanya zamu za usiku kiwandani, alivyokuwa anaamka usiku kutaka ugali. Akasema ile ilikuwa wiki mbili, ikaisha. Nikamwambia iliisha kwa sababu wewe una macho, jua lilikurudisha.

Alinirudishia daftari, hakukubali. Basi nikafanya kitu ambacho leo nisingethubutu. Nikamwambia, "Baba Mdogo, ataamka saa kumi na mbili jioni. Asipoamka, kesho nitampandisha gari tuondoke, na sitakuja tena kuwasumbua."

Akasema vema.

Saa kumi na moja na nusu alileta kigoda, akakaa kwenye mlango wa chumba, saa yake ya mkononi ameivua kaiweka gotini. Akamwonya kila mtu asipige kelele, asije mtu akasema ameamshwa. Koleta akaja kukaa sakafuni. Mama Mdogo akaja na ungo wake wa mchele. Wanawake wa ndizi, mmoja mmoja, wakajaa korido nzima. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano Baba alikoroma. Saa kumi na mbili kamili alikoroma. Sikuthubutu kumtazama mtu. Dakika nne baadaye kitanda kililia, Baba akajinyoosha, akapiga miayo, akakaa. Hakujua kama kuna mtu. Lakini aliposikia pumzi za watu mlangoni akatoa salamu yetu ya asubuhi, na nje jua linazama:

"Onga mahundo."

Koleta ndiye aliyeanza kucheka. Kisha korido yote, mchele ukamwagika. Baba Mdogo hakucheka. Alinyanyuka, akaingia, akaketi kitandani karibu na kaka yake, akamwitikia kwa salamu ile ile ya asubuhi. Nilitaka kuwafukuza watu lakini nami sikuondoka.

"Kaka," alisema, "lile neno nililosema kwenye kikao."

"Neno gani?" Baba akamuuliza. "Mimi si nilikuwa nimelala?"

Baba Mdogo alimshika mkono, akainamisha uso juu yake. Sijui alijua au hakujua. Mimi nilikwenda kuokota mchele.

Walikaa pamoja usiku kucha. Mimi nililala, nimeambiwa tu. Ila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Baba Mdogo alipita akigonga milango yote na kutangaza kwamba ratiba imebadilika. Baraka ya binti haitasubiri sherehe ya saa tisa, saa ambayo mimi sikuwa nimeambiwa, itatolewa sasa hivi, kwa kuwa mwenye kuitoa yuko macho sasa hivi. Mashangazi walilalamika kwamba mapambo hayajafungwa na bibi harusi hajavaa. Akawaambia nguo haibarikiwi.

Basi Koleta alibarikiwa uani, amevaa khanga na kandambili, nywele zimefungwa kitambaa, ukungu bado umelala bondeni. Baba alimwekea mikono miwili kichwani, akasema naye kwa Kishambaa kwa muda mrefu, hana haraka, sauti yake safi. Alimtajia mababu ambao hata mimi sikuwa nawajua. Mwisho akauliza kama kuna maziwa ya chai, watu wakacheka tena huku wanafuta machozi, tukanywa chai yote iliyokuwapo.

Misa ilikuwa saa nne, lakini watu wa bwana harusi walikwama kwenye tope, ikaanza saa tano. Baba alikaa benchi la mbele, kando ya mdogo wake. Aliimba wimbo wa kuingia. Somo la kwanza alilisikiliza. Kwenye mahubiri nikaona kofia imeanza kushuka, na taratibu kichwa chake kikatua kwenye bega la suti mpya.

Mnapaswa kujua kwamba Baba Mdogo ni mtu wa kanisa kwelikweli, yule anayewatazama vibaya wanaochelewa kupiga magoti. Watu waliposimama kwa ajili ya ahadi za ndoa, yeye alibaki ameketi. Katekista alimpungia mkono ainuke. Akatikisa kichwa, polepole, asimtingishe mtu. Kengele zikalia, watu wakapiga magoti, wakasimama, wakapiga vigelegele, na Koleta akashuka katikati ya kanisa na mume wake akitupiwa maua. Kanisa zima lilikuwa limesimama. Baba Mdogo alimtazama binti yake akipita, akimpungia kwa vidole tu, bega lake limenyooka kama ubao.